Maikroplastiki: kabla hujaiogopa glasi ya maji, angalia mtaro

Kuna ile stori inayozunguka kwenye magrupu kila baada ya muda, kwamba binadamu anakula plastiki gramu 5 kwa wiki, yani sawa na kadi nzima ya benki, na ukisoma unashtuka kweli. Naanza na hiyo kwa sababu ndo imefanya watu wengi waielewe hii ishu ya maikroplastiki, yani vipande vidogo sana vya plastiki, miguu juu kichwa chini. Ile namba ilitangazwa na shirika la mazingira la WWF mwaka 2019 wakitumia kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle kule Australia, na watafiti wenyewe waliweka makadirio mapana, kuanzia sehemu ndogo tu ya gramu mpaka hizo 5, ila vyombo vya habari vikabeba ile ya juu na kuondoka nayo. Mwaka 2021 ikaja hesabu nyingine ya watu wengine, mtu mzima akaonekana anameza kama maikrogramu 4 kwa wiki, na maikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Gramu 5 na maikrogramu 4, hapo tumepishana zaidi ya mara milioni moja, na wote ni wataalamu, wote wamepiga hesabu kwa nia njema kabisa.

Inawezekanaje? Ni kwamba huwezi kupima uzito wa chembe moja moja, unachofanya unazihesabu kwanza, afu unakadiria kila moja ina ukubwa gani, afu unageuza kuwa uzito. Sasa chembe yenye upana mara 10 ya mwenzake ina uzito mara 1,000, kwa hiyo ukikosea kidogo tu kwenye kukadiria ukubwa, uzito wote unaenda hewani. Weka hilo kichwani maana litarudi mara nyingi: kwenye hii mada karibu kila namba ya kutisha ina makadirio chini yake, na swali la maana ni makadirio gani.

Hii haimaanishi tatizo halipo, lipo sana tu. Ila kwa nchi zetu zinazoendelea nadhani tunaliangalia kwa mlango usio wake. Tunaangalia glasi, chupa, mwili wa mtu mmoja mmoja, wakati jambo lenyewe limekaa kwenye mtaro, kwenye dampo, na kwenye bomba la maji taka ambalo halipo.

Tuelewane kwanza maikroplastiki ni nini. Ni kipande chochote cha plastiki kisichofika milimita 5, kushuka mpaka maikromita 1, yani sehemu moja ya elfu ya milimita, na chini ya hapo watu wengi wanaita nanoplastiki. Plastiki za baharini zilikuwa zinaonekana zamani, ila aliyefanya dunia ianze kuzungumzia hizi ndogo kwa jina hilo ni Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, yeye na wenzake walichapisha makala fupi mwaka 2004 wakionyesha kwamba mchanga wa fukwe na maji ya bahari yana vipande na nyuzi ambazo jicho linazipita. Zingine zinatengenezwa zikiwa ndogo tangu kiwandani, kama punje za malighafi au vile vipunje vilivyokuwa vinawekwa kwenye skrabu za uso. Nyingi zaidi zinatokana na vitu vikubwa vilivyovunjika: mfuko, chupa, kiroba, wavu wa kuvulia, kamba, soli ya kandambili, nguo, tairi, rangi ya boti. Plastiki haiozi kama jani. Jua linakata minyororo yake, inakuwa ngumu na kukauka, ukiigusa inapasuka, maji na mchanga vinaisaga, na kipande kimoja kinakuwa elfu, elfu zinakuwa milioni, na zote bado ni plastiki ileile. Mfuko uliotupwa juani kwenye nchi ya joto unachakaa haraka kuliko uliozama kwenye maji ya baridi, kwa hiyo hata hali ya hewa yetu haitusaidii hapa.

Sasa tuje kwenye swali ambalo watu hawaliulizi: kwa nini nchi maskini, ambazo mtu wake anatumia plastiki kidogo sana ukimlinganisha na Mmarekani au Mjerumani, ndo mito yake imejaa? Jibu halina uhusiano na ustaarabu wala tabia, hata kama viongozi wanapenda kusema wananchi hawana tabia ya usafi. Ripoti ya maji ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2017 iliyotolewa na UNESCO ilikadiria kwamba nchi tajiri zinasafisha kama asilimia 70 ya maji taka ya mijini na viwandani, nchi za kipato cha chini ni asilimia 8 tu. Benki ya Dunia nao mwaka 2018 wakasema kwenye nchi za kipato cha chini zaidi ya asilimia 90 ya taka zinaishia kwenye madampo ya wazi au zinachomwa hivihivi nje. Unganisha hizo namba mbili. Plastiki inatoka mkononi mwa mtu, na kati yake na mto hakuna kitu, hakuna gari la taka linalopita mtaa huo, hakuna dampo lenye ukuta, hakuna mtambo. Mvua ndo gari la taka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds walichapisha hesabu mwaka 2024 kwamba kwa mwaka 2020 dunia ilitupa kwenye mazingira kama tani milioni 52 za plastiki, na zaidi ya nusu ilichomwa nje bila udhibiti wowote. India ilikuwa juu kwa tani milioni 9.3, ikifuatiwa na Nigeria na Indonesia. Kitu kilichonivutia kwenye kazi ile ni chanzo walichokitaja kuwa kikubwa zaidi upande wa nchi zinazoendelea, nacho ni taka ambazo hazikukusanywa kabisa, yani watu zaidi ya bilioni moja wanaishi pasipo huduma ya kuzoa taka. Ukiwa hauna anayekuja kuzoa utafanyaje, utachoma, utafukia, au utatupa korongoni, hakuna njia ya nne. Na kuchoma nje hakumalizi plastiki, moto hafifu unaacha majivu yenye vipande ambavyo havikuungua vizuri, afu juu yake unapata moshi wenye sumu.

Na tusisahau kwamba sehemu ya taka hizi hazikuzaliwa huku. Kwa miaka mingi nchi tajiri zilikuwa zinapeleka plastiki zao chakavu China kwa jina la risaiko, yani zichakatwe zitumike tena, China ikafunga mlango mwanzoni mwa 2018, mizigo ikageukia Malaysia, Vietnam, Thailand na Indonesia ndani ya miezi michache. Kwenye takwimu za Ulaya ile plastiki ilikuwa imesharisaikiwa.

Kuhusu mito, kuna stori nyingine ya kurekebisha. Mwaka 2017 ilitoka tafiti iliyosema mito 10 tu ndo inabeba karibu plastiki yote inayoingia baharini kutoka mitoni, mingi ikiwa Asia na miwili Afrika, Nile na Niger, na mpaka leo watu wanaikariri. Mwaka 2021 ikatoka hesabu yenye undani zaidi, ikaangalia umbali wa taka kutoka mtoni, mvua, upepo, mteremko wa ardhi, ikakuta ni zaidi ya mito 1,000 ndo inafanya asilimia 80. Na iliyoongoza haikuwa mito mikubwa ya kwenye ramani, ilikuwa mito midogo inayokatiza miji mikubwa. Ule wa kwanza kabisa kwenye orodha ni Pasig wa Manila, Ufilipino, mto ambao haufiki hata kilomita 30. Hii inabadilisha mambo, kwa sababu ukiamini ni mito 10 utasubiri mkutano wa kimataifa, ukijua ni mito 1,000 midogo ya mijini basi ni kazi ya halmashauri.

Haya, chembe imeshaingia mtoni, inaenda wapi? Watu wengi wanadhani plastiki inaelea tu mpaka baharini, ila inategemea ni plastiki ipi. Ile ya mifuko na vifuniko vya chupa ni nyepesi kuliko maji, inaelea. Ile ya chupa yenyewe ya maji, na poliesta ya nguo ambayo ni kitu kilekile, na nailoni, na PVC ya mabomba, na vumbi la tairi, hizo ni nzito kuliko maji, zinazama. Hata inayoelea ikikaa siku kadhaa inaota utelezi wa bakteria na mwani, inaongezeka uzito, inashuka. Kwa hiyo kiangazi mto ukiwa umepungua na maji yanatembea taratibu, chembe zinajilundika kwenye matope ya chini. Afu zinakuja mvua za kwanza. Watafiti waliopima mito ya eneo la Manchester, Uingereza, kabla na baada ya mafuriko makubwa, wakachapisha 2018, walikuta mafuriko yaliondoa karibu asilimia 70 ya maikroplastiki zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye vitanda vya mito ile. Hiyo ni nchi yenye mvua ya rasharasha mwaka mzima. Fikiria mto wa kitropiki unaolala miezi minne, mitano, afu unaamka kwa siku moja. Mtu akija kupima mwezi wa kiangazi pekee atakwambia mto wako una nafuu, akija wiki ya kwanza ya masika atakwambia umekwisha, na wote wawili watakuwa wamepima mto mmoja.

Ziwa nalo lina tabia yake. Chukua Ziwa Victoria, linalotumiwa na Tanzania, Uganda na Kenya, na mito inayoliingia inatoka mpaka Rwanda na Burundi. Maji yake yana njia mbili tu za kutoka, Mto Nile pale Jinja, na juu angani kwa kuvukizwa na jua, na sehemu kubwa zaidi inaondoka kwa jua. Maji yanapaa, plastiki haipai. Kila kinachoingia kutoka Mwanza, Kisumu, Kampala na miji mingine yote ya ufukweni kinabaki humo, labda kile kidogo kinachopata bahati ya kupita Jinja.

Na tafiti ya kwanza ya maikroplastiki kwenye samaki wa maziwa makuu ya Afrika ilifanyika hapohapo, ilichapishwa 2016, walinunua sangara na sato Mwanza wakapasua matumbo. Vitu vilivyofanana na plastiki walivikuta kwenye zaidi ya nusu ya sangara na kama theluthi ya sato. Ila walipovipeleka kwenye mashine inayosoma kemikali ya kitu, vilivyothibitika kweli ni plastiki vilikuwa kwenye asilimia 20 ya kila aina, yani samaki mmoja kati ya watano. Naipenda hii kazi kwa sababu walikuwa wakweli, wangeweza kutangaza ile namba kubwa. Kwenye nchi nyingi zinazoendelea hiyo mashine ya kuthibitisha haipo au ipo moja nchi nzima na ina foleni, kwa hiyo tafiti nyingi zinaishia kwenye darubini na macho ya mtafiti, ambapo uzi wa pamba uliotiwa rangi na uzi wa poliesta vinafanana kabisa. Na nyavu za kuchotea sampuli mara nyingi zina matundu ya theluthi moja ya milimita, nyuzi nyembamba zinapita zote. Kwa hiyo namba inaweza kuwa kubwa kuliko ukweli kwa sababu hii na ndogo kuliko ukweli kwa sababu ile, kwenye tafiti moja.

Kwa mlaji wa samaki kuna jambo la kujua hapa. Plastiki nyingi zinazokutwa kwa samaki ziko tumboni, na sangara au sato anapasuliwa na matumbo yanatupwa. Dagaa analiwa mzima. Simwambii mtu aache dagaa, ni chakula cha bei ndogo chenye protini na madini ambayo mtoto anayahitaji leo, hatari ya kuyakosa inajulikana vizuri kuliko hatari ya chembe, nasema tu kwamba kama kuna mahali watafiti wetu waweke hela ya vipimo basi pawe pale.

Nguo ndo chanzo ambacho watu wanakishtukia mwishoni. Mwaka 2021 ilichapishwa tafiti ya Mto Ganges, walipima maji kuanzia karibu na milimani mpaka karibu na bahari, kabla na baada ya masika, wakakadiria Ganges pamoja na mito inayoungana nayo inaweza kutoa chembe bilioni 1 mpaka 3 kwa siku kuingia Ghuba ya Bengal. Asilimia 91 ya walichokuta ni nyuzi. Ila soma ndani, zaidi ya nusu ilikuwa reyoni, ambayo inatengenezwa kwa miti, siyo plastiki ya mafuta, wengine wanaihesabu wengine hawaihesabu. Ndo ninachosema, kabla hujaogopa namba uliza wamehesabu nini.

Bado nyuzi za poliesta ni nyingi na zinaongezeka, maana nguo za bei rahisi dunia nzima sasa ni poliesta, na zikishachoka huko zilikovaliwa zinafungwa marobota zinakuja kumalizia maisha yao kwenye nchi ambazo hazina pa kuzitupa. Viwanda vya nguo navyo, bonde la Mto Citarum kule Java, Indonesia, lina mamia ya viwanda vya nguo, na rangi ya maji ilikuwa inabadilika kufuatana na rangi ya kitambaa kinachotiwa siku hiyo. Pale nyuzi zinatoka kwa wingi kuliko kwenye beseni la mtu yeyote. Kwenye beseni kuna habari njema kidogo: tafiti ya 2023 kutoka China ililinganisha kufua kwa mkono na kufua kwa mashine, mkono ukatoa nyuzi chache sana kuliko mashine, ingawa ukisugua kwenye ubao zinaongezeka. Kwa hiyo wale mama wanaofua mtoni ambao kila kampeni inawanyooshea kidole, sabuni ni kesi nyingine, ila kwa nyuzi wao ni washtakiwa wadogo.

Mtambo wa kusafisha maji taka ukiwepo unasaidia sana, hata ule wa kawaida unashika zaidi ya asilimia 90 ya chembe. Lakini kushika siyo kumaliza, zinahamia kwenye tope. Na tope la maji taka lina mbolea nzuri, linapelekwa shambani, mvua ikinyesha sehemu inarudi mtoni kwa mlango wa nyuma. Sijaona mtu mwenye jibu zuri la hilo, hata Ulaya. Ila ukiniuliza nichague kati ya plastiki iliyokaa kwenye tope sehemu moja ninayoijua na ile iliyosambaa mto mzima, nachagua tope.

Tairi na punje za viwandani nipite haraka. Kila gari likikata kona linaacha vumbi la tairi barabarani, mvua inalifagia mtaroni, na kwenye vumbi hilo kuna kemikali ambayo watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, waliikuta ndo inaua samoni aina ya coho wakirudi mtoni wakati wa mvua, matokeo yakatoka Desemba 2020. Kama inaua samaki wetu pia ni swali la wazi na rahisi kupimwa. Punje nazo ni ajali za meli: Durban, Oktoba 2017, dhoruba iligonganisha meli bandarini tani 49 zikamwagika, na Sri Lanka, 2021, meli ya X-Press Pearl iliungua na kuzama karibu na Colombo ikiwa na tani kama 1,680 za punje, fukwe zikawa nyeupe na wavuvi wakazuiwa kuvua.

Sasa afya, maana najua ndo wengi walikuwa wanasubiri. Mwaka 2018 watafiti wa New York walipima chupa 259 za maji ya makampuni 11 zilizonunuliwa nchi 9, asilimia 93 zilikuwa na dalili ya maikroplastiki. Mwaka 2024 wengine wa Chuo Kikuu cha Columbia wakatumia leza yenye uwezo wa kuona nanoplastiki, wakapata wastani wa chembe kama 240,000 kwa lita moja ya maji ya chupa. Maji hayakuchafuka ghafla katikati ya hiyo miaka, kilichobadilika ni miwani. Mwaka huohuo 2024 madaktari wa Italia walitoa matokeo ya wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa mshipa wa shingo, wale waliokutwa na plastiki kwenye mafuta yaliyoganda mshipani walikuwa na hatari kama mara 4.5 ya kupata shambulio la moyo, kiharusi au kufa ndani ya miaka karibu mitatu. Hiyo ni kazi nzito, sitaki kuidharau, ila haisemi plastiki ndo imesababisha, inaweza kuwa mtu aliyekutana na plastiki nyingi amekutana pia na moshi mwingi na chakula kibovu. Na ile tafiti iliyosema imekuta plastiki kwenye ubongo wa binadamu, iliyotoka mapema 2025, imepata wapinzani kwa sababu ya kiufundi, kipimo walichotumia kinachoma sampuli na kusoma gesi, na mafuta ya mwili yakichomwa yanaweza kutoa gesi zinazofanana na za polithini, ile plastiki ya mifuko, na ubongo umejaa mafuta.

Shirika la Afya Duniani, WHO, waliliangalia suala la maji ya kunywa mwaka 2019 wakasema ushahidi uliopo hauonyeshi hatari ya wazi kwa viwango vya sasa, tafiti zaidi zinahitajika, na wakasema kitu ambacho hakikuvuma: kwa mahali ambapo maji na maji taka havijatibiwa, kipaumbele kiwe vijidudu. Kuharisha kutokana na maji machafu kunaua takriban watu nusu milioni kwa mwaka kwa makadirio yao wenyewe. Na uzuri ni kwamba mtambo uleule wa maji unaotumia shabu na kichujio cha mchanga kuondoa vijidudu na tope, unashika na sehemu kubwa ya chembe za plastiki. Huhitaji kuchagua kati ya kipindupindu na plastiki, dawa yake kwa sehemu kubwa ni moja. Kinachonikera ni wafanyabiashara wanaotumia hofu ya maikroplastiki kukuuzia maji ya chupa, wakati vipimo vingi vinaonyesha chupa yenyewe, hasa kifuniko ukikifungua na kukifunga, inaongeza chembe.

Kwa wanaochemsha maji kuna tafiti ya Guangzhou, China, ya 2024, ukichemsha maji magumu, yale yenye chokaa, kwa dakika 5, chokaa inaganda na kuzikumbatia chembe, zinashuka chini au zinakwama kwenye sufuria, yakipoa ukayachuja unaondoa mpaka asilimia 90. Maji laini yasiyo na chokaa ni kama asilimia 25 tu. Uliyemwona bibi anaacha maji yatulie afu anayamimina taratibu bila kutikisa sufuria, alikuwa anafanya sawasawa, kwa sababu zake nyingine.

Upande wa sheria nchi zinazoendelea zimetangulia kuliko watu wanavyodhani. Bangladesh ilipiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki mwaka 2002, ya kwanza duniani, na sababu haikuwa kasa wala nyangumi, ilikuwa mitaro kuziba wakati wa mafuriko makubwa. Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017 na faini ya mpaka shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo cha mpaka miaka 4, Tanzania Juni 2019. Zimesaidia, mifuko ile iliyokuwa inaning'inia kwenye kila mti wa miiba imepungua kweli. Ila mfuko ni kitu kimoja, na nafasi yake mara nyingi imechukuliwa na vile vipakti vidogo vya sabuni, mafuta, maji na vinywaji, vyenye tabaka mbili tatu za vitu tofauti zilizogandishwa pamoja kiasi kwamba hakuna mtu anayeweza kuvirisaiko kwa faida. Angalia kazi ya waokota taka, ambao kwa makadirio ya Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, ya 2020 ndo wanakusanya kama asilimia 60 ya plastiki yote inayorisaikiwa duniani: chupa wanaokota, ndoo wanaokota, vipakti wanaviruka. Unachokiona kimebaki kwenye mtaro baada yao kupita ndo orodha ya bidhaa ambazo mtengenezaji anapaswa kulipia. Wala hahitajiki mshauri kutoka nje kuiandika.

Uwe makini pia na mifuko inayouzwa kwa maneno kwamba inaoza. Kuna aina imetiwa kemikali ya kuharakisha kuvunjika, inavunjika kweli, kuwa maikroplastiki. Umoja wa Ulaya waliipiga marufuku kuanzia Julai 2021, na bidhaa iliyofukuzwa sokoni kule mara nyingi inatafuta soko huku. Kupiga marufuku vipunje vya skrabu nako ni sawa, Marekani walipitisha sheria 2015, ila kwenye mto unaopokea taka za mji mzima hiyo ni tone. Chandarua cha kukinga taka kwenye mdomo wa mtaro kina faida kubwa zaidi, kwa sababu kinashika chupa ikiwa bado chupa, ikishakuwa chembe milioni hakuna wavu wala teknolojia ya kuitoa mtoni.

Mkataba wa kimataifa wa plastiki ulikubaliwa uanze kuandikwa Nairobi, Machi 2022, mazungumzo yakafeli Busan, Korea Kusini, mwishoni mwa 2024, yakafeli tena Geneva, Uswisi, Agosti 2025. Wamekwama hapohapo kila mara, je tupunguze utengenezaji wa plastiki au tuongelee taka tu, na nani alipe. Nchi zinazochimba mafuta zinataka taka tu. Nchi nyingi za Afrika na visiwa vidogo zinataka kikomo kwenye utengenezaji, na nadhani ziko sahihi kwa sababu ya hesabu ya kawaida kabisa, dunia ilitengeneza tani kama milioni 460 mwaka 2019 na ni asilimia 9 tu ya taka zake iliyorisaikiwa, hakuna halmashauri maskini inayoweza kuzoa kwa kasi hiyo.

Halmashauri lakini inaweza kuanza kupima bila kusubiri Geneva. Chukua tope la mto, siyo maji, juu ya mji na chini ya mji, mwishoni mwa kiangazi na baada ya mvua za kwanza, miaka mitatu mfululizo, mahali palepale kwa njia ileile, na sampuli chache tu kati yake zipelekwe kwenye mashine ya kuthibitisha. Tofauti ya juu na chini ndo mchango wa mji. Gari la taka likianza kupita mitaa ya bondeni, ile tofauti ikipungua utajua, isipopungua utajua pia, na bajeti ya mwaka unaofuata itakuwa na kitu cha kubishania.